Imefungwa, Imejifunga, Haijafunga: Kauli za Kitenzi cha Kiswahili katika Lugha ya Vyumba vya Udhibiti

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi mofolojia ya kitenzi cha Kiswahili inavyoweza kubeba tofauti ambazo waendeshaji wa mitambo mikubwa ya kisayansi huzihitaji kazini: tofauti kati ya amri iliyotolewa na hali iliyopo, kati ya mtambo uliozimwa na uliojizima, na kati ya tendo linalosubiriwa na tendo lililoshindikana. Mfano mkuu ni uchorongaji wa kisayansi uliofanyika mwaka 2005 katika Ziwa Nyasa, mkabala na Mbamba Bay; mifano mingine inatoka Malindi, Kenya, na Pennsylvania, Marekani. Inadaiwa hapa kwamba kazi ya kuandaa maandishi ya paneli na skrini kwa Kiswahili isiishie kwenye nomino, kama ilivyo desturi ya kazi nyingi za istilahi, kwa kuwa hatari kubwa zaidi imo katika kitenzi.

1.0 Utangulizi

Kutoka milima ya Umatengo, Mbinga, barabara huteremka hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ziwa linaloonekana huko chini lina kina cha takribani mita 700 mahali palipo na kina kirefu zaidi. (Jina lenyewe, Ziwa Nyasa, ni takriri: katika lugha za ukanda huo, Kiyao kikiwa mojawapo, nyasa ni ziwa. Tumesema ziwa mara mbili na hakuna aliyelalamika.) Wavuvi wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi wanalijua kwa pepo zake, hasa Mwera, upepo wa kusini unaovuma katikati ya mwaka na kufanya mawimbi yawe makali. Wanasayansi wamelijua kwa tope lake.

Mwezi Februari na Machi mwaka 2005, tishari lililoitwa Viphya lilisimama katikati ya ziwa, karibu na latitudo ya nyuzi 11 na dakika 18 Kusini. Hapo ni takribani mkabala kabisa na Mbamba Bay, umbali usiofika kilomita 40 kutoka ufukweni, ingawa mradi uliendeshwa kutoka upande wa Malawi. Tishari hilo lilikuwa limegeuzwa kuwa chombo cha kuchoronga. Bomba liliteremshwa kupita mita 592 za maji, kisha likachoronga mita 380 nyingine chini ya sakafu ya ziwa, na kutoa vipande vya tope vyenye umbo la mche duara. Katika tope hilo mna kumbukumbu ya hali ya hewa ya zaidi ya miaka milioni moja. Ilibainika, pamoja na mengine, kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita kulikuwa na vipindi vya ukame mkali hata ziwa likapungua kina kwa zaidi ya mita 500.

Habari za tope hilo zimeandikwa na wanajiolojia. Linalomhusu mwanaisimu ni swali dogo ambalo lilipaswa kujibiwa kila sekunde kabla sampuli hata moja haijapatikana: tishari liko wapi sasa, na limeambiwa liwe wapi?

2.0 Usukani na mrejesho

Katika maji yenye kina cha karibu mita 600 haikuwa rahisi kutegemea nanga. Viphya lilitumia mfumo wa kujishikilia mahali pamoja kwa nguvu za injini. Vifaa vya setilaiti hupima mahali chombo kilipo. Kompyuta hulinganisha mahali hapo na mahali lengwa. Tofauti ikionekana, rafadha zilizofungwa pembeni huamriwa kusukuma ili kuirudisha. Kipimo kipya huchukuliwa, na mzunguko huanza tena. Mzunguko huo wa kupima, kulinganisha na kurekebisha ndio unaoitwa udhibiti wa mrejesho, na ndio moyo wa kila kituo kikubwa cha kisayansi, kiwe darubini, kinu cha utafiti wa nyuklia au jukwaa la kurushia roketi.

Ni rahisi kukadiria kwa nini jambo hili lilikuwa zito. Chombo kikielea mita 30 tu kutoka juu ya tundu, mstari unaokiunganisha na tundu hilo huinama karibu nyuzi 3. Mita 30 ziwani si kitu kwa mvuvi. Kwa bomba la chuma linalozunguka ndani ya tope mita mamia kadhaa chini, ni tofauti kati ya kazi na hasara.

Msomaji asidhani kwamba maarifa haya ni mageni kwa watu wa pwani ya ziwa. Anayeshika kasia la nyuma katika mtumbwi hufanya mambo yale yale. Hatazami tu omo imepotoka kiasi gani. Huhisi pia inapotoka kwa kasi gani, na hukumbuka kwamba upepo umekuwa ukimsukuma upande mmoja tangu alipoondoka. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyekuwa Marekani, alichapisha uchambuzi wa uendeshaji wa meli wa kujiendesha, akitegemea jinsi washika usukani wanavyofanya kazi. Alionyesha kwamba mshika usukani hodari huunganisha mambo matatu hayo hayo: ukubwa wa kosa, kasi ya mabadiliko yake, na mlimbikizo wake kwa muda. Kanuni hiyo bado ni nguzo ya mitambo mingi ya udhibiti. Norbert Wiener alipohitaji jina la sayansi ya udhibiti na mawasiliano, katika kitabu chake cha mwaka 1948, alilitoa kwenye neno la Kiyunani lenye maana ya mshika usukani. Kwa hiyo Kiswahili, lugha yenye nahodha, rubani, usukani na mrama, hakiingii katika uwanja huu mikono mitupu.

3.0 Kuendesha, kudhibiti, kusimamia

Hata hivyo, maneno tuliyo nayo hayalingani. Endesha ni kauli ya kusababisha ya enda: anayeendesha hukifanya kitu kiende. Dhibiti, lenye asili ya Kiarabu, hubeba dhana ya kushika barabara na kuzuia kisitoke nje ya mpaka. Ongoza linahusiana na ongoa na ongoka, yaani kunyoosha njia na kunyooka. Simamia ni kauli ya kutendea ya simama: anayesimamia husimama kwa ajili ya kazi, au juu yake, bila lazima ya kuifanya kwa mkono wake.

Matumizi ya sasa humwita mtu aliyeketi mbele ya skrini mwendeshaji mitambo. Jina hilo lilimfaa aliyezungusha gurudumu la vali kwa mikono. Katika chombo kama Viphya, kinachoendesha rafadha ni kompyuta; binadamu husimamia, na huitwa kuendesha pale tu kompyuta inaposhindwa. Mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge alieleza kinaya hiki mwaka 1983: kadiri mtambo unavyojiendesha zaidi, ndivyo binadamu anavyobakiziwa sehemu ngumu zaidi, huku akipoteza mazoezi ya kuifanya. Anakaa saa nyingi bila kutenda, kisha katika dakika moja anatakiwa ajue kila kitu.

Katika dakika hiyo, anachokijua ni kile alichoambiwa na skrini. Hivyo sarufi ya skrini ni sehemu ya mazingira yake ya kazi sawa na mwanga, kiti na kelele. Nadhani hata zaidi ya kiti.

4.0 Taa iliyosema amri

Umbali kati ya mtu na mtambo ndio unaoipa lugha uzito huu. Katika kituo cha San Marco karibu na Malindi, kilichojengwa na Italia katika miaka ya 1960, roketi zilirushwa kutoka jukwaa moja baharini, na waliotoa amri walikuwa kwenye jukwaa jingine, Santa Rita, lililounganishwa na la kwanza kwa nyaya zilizopita chini ya maji. Hapo ndipo iliporushwa, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa miale ya eksirei angani, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake. Tumezoea kujivunia jina hilo, na ni haki yetu. Lakini jina ni nomino. Aliyekuwa Santa Rita hakuiona vali ya roketi kwa macho. Aliona taa au sindano ya kipimo, na taa ni sentensi iliyofupishwa: kitu fulani kimefanya nini?

Hatari ya sentensi hiyo kusomwa vibaya ilidhihirika tarehe 28 Machi 1979 katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania. Vali ya kupunguza shinikizo ilifunguka, kisha ikatakiwa ifunge. Amri ya kufunga ilitumwa, na taa kwenye paneli ikazimika. Waendeshaji wakaelewa kwamba vali imefungwa. Lakini taa ile haikupima vali. Ilionyesha tu kama umeme wa kuifungua ulikuwa umetumwa au la. Vali yenyewe ilikuwa imekwama wazi, na ilibaki hivyo kwa zaidi ya saa mbili kabla ya mtu kuziba njia hiyo kwa vali nyingine. Katika dakika za mwanzo zaidi ya kengele mia moja zililia. Sehemu ya kiini cha mtambo iliyeyuka.

Maelezo ya kihandisi ya ajali hiyo yanajulikana. Maelezo ya kiisimu ni kwamba kirai kimoja kilibeba maana mbili: tendo la kufunga limeagizwa, na hali ya kufungwa ipo. Kiingereza, ambacho neno lake moja hutumika kama umbo la kitenzi na kama kivumishi, hakimlazimishi mwandishi wa paneli kuchagua. Je, Kiswahili kinamlazimisha?

Kwa sehemu, ndiyo. Mtanzania yeyote anajua kwamba umeme umekatika si sawa na umeme umekatwa. Anayesema umekatika ameingia gizani na hajui zaidi. Anayesema umekatwa anamtaja mtu bila kumtaja, na pengine tayari anatafuta risiti ya malipo. Kauli ya kutendeka hueleza hali bila mtendaji. Kauli ya kutendwa humweka mtendaji nyuma ya pazia. Chukua sasa kitenzi zima na mtambo wa kusukuma maji, uwe wa kituo cha utafiti au wa kinu cha kumenyea kahawa huko Mbinga:

(1) Mtambo umezimwa.
(2) Mtambo umejizima.
(3) Mtambo umezimika.
(4) Mtambo umezima.

Sentensi ya (1) inasema kuna mkono wa mtu. Ya (2), yenye kiambishi cha kujirejelea, inasema mtambo umefanya ulivyoundwa ufanye: joto limezidi, ulinzi wa ndani umetenda. Ya (3) inaripoti hali tu. Ya (4), ambayo walimu wa sarufi huisikia kwa mashaka kwa kuwa zima lilitarajiwa kuwa na yambwa, ni ya kawaida kabisa karakana, kama vile breki zimefunga, na husikika zaidi pale kitu kinapogoma chenyewe. Kwa anayepokea zamu usiku, tofauti hizi si mapambo. Mtambo uliozimwa asiuwashe kabla ya kuuliza, kwani huenda fundi yumo ndani yake. Uliojizima atafute sababu. Uliozimika, aanze na nyaya.

Uaminifu unatutaka tuseme pia mipaka ya utaratibu huu. Kiambishi -me- kina tabia mbili: huonyesha tendo lililokamilika na pia hali inayoendelea kutokana nalo, ndiyo maana amelala ni mtu aliye usingizini. Kwa hiyo vali imefungwa ingeweza kuwadanganya waendeshaji wa Pennsylvania kama walivyodanganywa na taa. Nayo kauli ya kutendeka hubadilika maana kwa njeo: imefungika ni hali, lakini inafungika ni uwezekano, na haifungiki ni malalamiko. Mwandishi wa skrini asiyejua hili atachanganya watu kwa Kiswahili sanifu kabisa. Pendekezo langu ni kwamba taarifa inayotokana na amri iitaje amri, na taarifa inayotokana na kihisi kilichoigusa vali itumie kauli ya kutendeka: Imeamriwa kufunga kwa ya kwanza, Imefungika kwa ya pili. Kauli ya kutendwa, Imefungwa, ibaki kwa tendo la mkono wa binadamu lililothibitishwa. Maneno haya ni marefu kuliko yale ya Kiingereza, na wabunifu wa skrini watalalamika kuhusu nafasi. Wapewe nafasi.

5.0 Bado na -ja-

Kuna eneo moja ambako Kiswahili kina utajiri ambao sijauona ukitajwa katika mijadala ya istilahi za kiufundi, nalo ni ukanushi. Vali kubwa haifungi papo hapo. Inaweza kuchukua sekunde nyingi ikiwa njiani. Katika muda huo si wazi wala si imefungwa, na paneli nzuri huonyesha hali hiyo ya tatu kwa taa zake mbili kuwaka pamoja au kwa rangi nyingine. Msemaji wa Kiswahili hahitaji rangi. Haijafunga inasema mambo mawili kwa pigo moja: hali haipo, na inatarajiwa. Haikufunga inasema matarajio yamekwisha; muda umepita, tendo limeshindwa. Haifungi ni hukumu juu ya vali yenyewe.

Mfumo wa udhibiti huwa na kipimo cha muda kwa ajili ya jambo hilo hilo. Amri inapotolewa, saa huanza kuhesabu. Vali isipofika mwisho wa safari yake katika muda uliowekwa, kengele hulia. Kwa lugha yetu, kengele hulia pale haijafunga inapogeuka kuwa haikufunga. Mwanafunzi wa ufundi aliyekulia Lituhi tayari anayo tofauti hiyo ulimini, kwa kuwa mama yake hamwambii baba hakuja akiwa na maana kwamba baba yuko njiani. Kumfundisha kazi kwa maneno ambayo kwanza yanaifuta tofauti hiyo, kisha kuirudisha kwa rangi ya taa, ni kuzunguka mbuyu bila sababu.

6.0 Ngeli na msongamano wa I/ZI

Kuhusu nomino nitakuwa mfupi, kwani zimeandikwa sana. Inatosha kuonyesha tatizo moja. Vali, pampu, mota, injini, kompyuta, swichi, taa, kengele: maneno haya, karibu yote ya mkopo, yamejazana katika ngeli ya I/ZI. Kwenye redio yenye makelele, nomino ikimezwa na upepo wa Mwera, kinachobaki ni imefunguka, na hakuna ajuaye ni kipi. Laiti baadhi ya vifaa vingekuwa na majina ya ngeli nyingine, kiambishi kingetosha kuvitenganisha: kimezimika kwa kihisi au kipimo, umezimika kwa mtambo au usukani, limezimika kwa jenereta katika usemi wa wengi.

Sipendekezi kwamba vali ipewe jina jipya ili kuburudisha ngeli. Mafundi wameshalikubali, na istilahi inayopigana na karakana hushindwa. Pale tu ambapo vifaa viwili vya chumba kimoja vinaweza kuchanganywa kwa hatari, na kimoja bado hakina jina lililozoeleka, upatanisho wa kisarufi uwe kigezo cha kuchagua jina. Vigezo vya uundaji wa istilahi vinavyofundishwa katika vyuo vyetu hutaja ufupi, uwazi na uzalikaji wa neno. Usalama haumo.

7.0 Daftari la zamu

Kazi ya kuchoronga ziwani hufanywa usiku na mchana kwa zamu, na jambo la mwisho ambalo mwendeshaji hufanya kabla ya kulala ni kuandika. Daftari la makabidhiano ndilo andiko refu zaidi la chumba cha udhibiti, na ndilo ambalo wachunguzi hulisoma kwanza ajali ikitokea. Ndani yake kauli za vitenzi huwa ushahidi: aliyeandika pampu ilizimwa amekiri kwamba kuna mtu, na aliyeandika ilijizima amewaelekeza wachunguzi kwenye vihisi.

Ndani yake pia mna mtego wa saa. Kwa Kiswahili, saa nane usiku ni saa 02:00 kwenye skrini. Fundi mchovu anayeandika “saa 8” bila neno usiku ameacha nafasi ya maana nne: usiku au mchana, kwa hesabu ya Kiswahili au ya kigeni. Katika Ziwa Nyasa mtego huo una sakafu ya pili, kwani Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya ulimwengu na Malawi iko saa mbili mbele. Chombo kinachoelea kati ya Mbamba Bay na ng'ambo kikirekodi tukio saa 02:00 kwa saa ya Malawi, aliyeko Mbamba Bay ataliita la saa tisa usiku, na kompyuta iliyowekwa kwa saa ya ulimwengu italiandika 00:00, siku ikiwa ndiyo kwanza imebadilika. Pendekezo la kawaida ni kwamba daftari lote liandikwe kwa tarakimu nne na saa moja tu iliyokubaliwa, hata na wale wanaosema saa tisa kwa mdomo. Nakubaliana nalo, kwa sharti kwamba kitenzi kinachofuata tarakimu hizo kiwe cha Kiswahili na kauli yake iwe imechaguliwa: 00:00, rafadha ya kushoto imejizima, 00:01, imeamriwa kuwaka, 00:02, haijawaka, 00:04, haikuwaka, nahodha ameitwa.